Anayetaka kupunguza unene na aanze kwa kutembea

Mwaka jana, siku ya michezo shuleni mwetu, ilitangazwa kwamba walimu nao watashindana mbio za mita mia mbili. Nilikuwa na umri wa miaka 47 na uzito wa kilo 97. Busara ilinitaka niketi kivulini pamoja na wageni wa heshima, lakini wanafunzi waliliita jina langu kwa shangwe, na mwalimu ni nani hata aikatae shangwe ya wanafunzi wake? Nilivua koti, nikakaza kamba za viatu, nikatoka mbio. Mita mia za kwanza nilikwenda si haba. Kwenye kona goti la kulia lilitoa mlio ambao niliusikia kwa masikio yangu mwenyewe, na kufumba na kufumbua nilikuwa nimelala kifudifudi nyasini, uwanja mzima ukiangua kicheko. Kwa muda wa wiki sita nilifundisha ushairi huku nimeegemea mkongojo.

Kisa hiki ningekificha lau si yale niliyoambiwa nilipokwenda kutibiwa. Daktari aliyenipokea hakushughulishwa sana na goti. Alinipima damu, akayatazama matokeo kwa kitambo, kisha akaniarifu kwamba sukari yangu imefika mpakani: sijawa mgonjwa, wala siwezi tena kujiita mzima. "Goti litapona, mwalimu," akasema. "Hili lingine usipolishughulikia mapema, utaishi nalo." Dawa aliyoniandikia ilikuwa kupunguza uzito. Nilipomuuliza nitaupunguzaje, alinijibu, "Fanya mazoezi," akamwita mgonjwa aliyefuata. Simlaumu, nje palikuwa na foleni.

Mazoezi gani, basi? Ninaishi viungani mwa Eldoret. Alfajiri ukisimama kando ya barabara iendayo Iten, utawaona vijana wakipita makundi kwa makundi, wembamba, kimya, miguu yao ikigusa lami kana kwamba inaiomba radhi. Mahali kama hapa neno mazoezi lina maana moja tu. Tangu Naftali Temu na Kipchoge Keino waturejeshee dhahabu kutoka Mexico mwaka 1968, hadi Eliud Kipchoge alipoukata umbali wa marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa muda usiotimia saa mbili, tumejizoesha kuamini kwamba Mkenya afanyaye mazoezi hukimbia. Atembeaye ana shida ya nauli.

Katika makala haya ninadhamiria kuipinga imani hiyo, lakini sitaanza kwa kuzidhulumu mbio.

Afisini mwetu yumo mwalimu wa hisabati, kijana wa miaka thelathini na mmoja, ambaye hukimbia kilomita sita kila siku kabla ya kuja kazini. Nilipomweleza kwamba ninakusudia kuanza kutembea, alicheka, akachukua chaki. "Mzee, wewe ni mtu wa mashairi," akaniambia. "Wacha nikuonyeshe kwa tarakimu." Na tarakimu zake, nakiri, sina namna ya kuzikana. Mtu akimbiaye hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Atembeaye kwa mwendo wa kawaida hutumia kama robo tatu ya kiasi hicho. Basi mtu wa kilo 97 akikimbia nusu saa kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, atateketeza kalori zipatazo 390. Akitembea nusu saa iyo hiyo kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, atateketeza 180 hivi. Wako wanaojifariji kwamba kilomita ni kilomita, uikimbie au uitembee. Hilo nalo si kweli. Kilomita nne za mbio zitamgharimu mtu huyo kalori 390, na kilomita nne za kutembea 290, kwa maana akimbiaye huurusha mwili wake mzima hewani kwa kila hatua, ilhali atembeaye daima ana mguu mmoja ardhini.

Hata wataalamu wanamuunga mkono. Mnamo mwaka 2013 mtafiti Paul Williams wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji zaidi ya 30,000 na watembeaji wapatao 15,000 kwa muda wa zaidi ya miaka sita. Walioshikilia mbio waliudhibiti uzito wao vyema kuliko walioshikilia matembezi, hata pale ambapo nishati waliyoitumia ilikuwa sawa, na tofauti hiyo ilionekana hasa miongoni mwa waliokuwa wazito. Kama mjadala ungekoma hapo, ningeweka kalamu chini.

Lakini hebu tujiulize, watu hao walikuwa akina nani? Hawakuwa watu waliotolewa chini ya mwembe wakaamrishwa kukimbia. Walikuwa tayari ni wakimbiaji kwa hiari yao wenyewe, watu ambao miili yao ilikwisha kuzikubali mbio kabla mtafiti hajawauliza swali la kwanza. Utafiti kama huo hutueleza vizuri yampatayo mtu anayedumu katika mbio. Hautuelezi ni walimu wangapi wa kilo 97 watakaodumu. Na uzito, ndugu msomaji, hauondoki kwa nusu saa moja. Kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Hata kwa hesabu ya mwenzangu ya ubaoni, mtu mwenye mwili wangu atakayekimbia kilomita nne kila siku bila kukosa atahitaji siku ishirini ili aipunguze kilo hiyo moja. Atakayetembea kilomita hizo atahitaji siku ishirini na saba. Tofauti ni wiki moja. Sasa niambie: ni yupi kati yao ambaye siku ya ishirini atakuwa bado yumo njiani?

Mimi nilijaribu mbio mara mbili kabla ya ajali ile, mara ya kwanza nikadumu siku tisa, mara ya pili siku kumi na mbili. Sikuacha kwa uvivu peke yake. Katika mbio, kila mguu unapotua hupokea mzigo wa mara mbili hadi mara tatu ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 55 wa barabara ya Iten anatua na mzigo ambao miguu yake imeuzoea tangu utotoni. Mtu wa kilo 97 aliyekaa kitini miaka ishirini akisahihisha insha anatua na kilo 200 na zaidi, mara elfu kadha wa kadha katika asubuhi moja. Sisemi kwamba mbio huharibu magoti. Wanaokimbia kwa kiasi, na ambao miili yao imezoea, hawaonekani kuumwa magoti kuliko wengine. Nasema kwamba mazoezi yanayomlaza mtu kitandani wiki ya pili hayajampunguzia chochote. Atembeaye hatui. Hujipima kwa hatua, na kesho anaweza kurudia.

Najua mwanafunzi aliyefika hapa amekwisha kuiandaa methali ya mwenda pole na kujikwaa. Aiweke kando. Huwaambia wanafunzi wangu kila muhula kwamba methali hupamba hoja, haiithibitishi. Ushahidi ninaoutegemea ni huu. Utafiti mkubwa uliochapishwa huko Marekani mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 ambao, kama mimi, sukari yao ilikuwa mpakani. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini. Kundi jingine liliombwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kula vizuri na kwa kujizoeza dakika 150 kwa wiki, na mazoezi yenyewe yalikuwa kama vile kutembea kwa mwendo wa kukaza. Baada ya miaka ipatayo mitatu, dawa ilikuwa imepunguza idadi ya walioingia katika ugonjwa wa kisukari kwa asilimia 31. Kundi la pili lilikuwa limeipunguza kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 97 ni kilo saba hivi. Hapana aliyetakiwa kuwa mwembamba kama mwanariadha; kilo saba zilitosha kulegeza kitanzi. Hata Williams yule yule, katika makala mengine ya mwaka huo huo wa 2013, alibainisha kwamba watembeaji na wakimbiaji wanaotumia nishati iliyo sawa hupunguza kwa kiwango kinachokaribiana hatari ya shinikizo la damu, ya lehemu nyingi na ya kisukari.

Mwendo wa kukaza, nasisitiza. Hauko katika kundi hili ule mwendo wa kwenda dukani jioni huku ukisimama kila hatua kumi kujuliana hali na majirani. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, usiweze kuimba.

Goti lilipopona nilianza kwenda shuleni kwa miguu, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Miezi miwili ilipita na mizani haikusogea hata nusu kilo. Lo! Nilikuwa karibu kuiandikia barua ya kujiuzulu safari hiyo, hadi mke wangu aliponiuliza kwa upole kwa nini siku hizi ninakula chapati mbili saa nne badala ya moja. Nilikuwa nimejitunuku. Kila asubuhi nilifika afisini nikitokwa na jasho, nikajiambia kwamba aliyetembea kilomita nne amestahili, na chapati moja kubwa ya mafuta si ajabu ikawa na kalori 250 au zaidi. Juu yake ilikuwapo chai. Mimi nilikuwa mtu wa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Kijiko kimoja cha chai kina gramu nne za sukari, yaani kalori 16. Vijiko kumi na viwili ni kalori 190 na ushei, kiasi kinachozidi kile ninachokiteketeza kwa kutembea nusu saa nzima. Nilikuwa ninakwenda shuleni kwa miguu ili niirudishe miguuni sukari niliyoinywa.

Jambo hili halinihusu mimi pekee. Karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania wanaishi Wahadzabe, watu wawindao na kuchuma chakula porini, ambao wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayoitumia. Walitarajia kukuta kwamba inazidi mno ile ya Wamarekani na Wazungu wakaao afisini. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, haikuzidi. Yaelekea mwili ni mhasibu bahili: ukiutoza miguuni, hubana matumizi kwingineko. Ndiyo maana anayetegemea miguu pekee, awe wa mbio au wa matembezi, aghalabu huambulia chini ya alichokihesabu ubaoni. Nilipoiacha chapati ya pili na kuipunguza sukari hadi kijiko kimoja, mizani ilianza kusema. Baada ya miezi kumi nina kilo 89, na daktari ameridhika na damu yangu, ingawa ameniagiza nirudi kila miezi sita.

Kilichonisumbua kuliko njaa kilikuwa fedheha. Wiki ya kwanza magari manne yalisimama kando yangu. "Mwalimu, kwani gari limeharibika?" Waendeshaji bodaboda wanaonifahamu waliniita kwa huruma, mmoja akajitolea kunipeleka kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Mzazi mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba huenda nimezidiwa na madeni ya ushirika. Lugha yetu yenyewe inaujua ubaguzi huu. Mwenye gari akishuka akazunguka mtaani jioni, twasema anatembea. Asiye na gari akipita barabara iyo hiyo, twasema anakwenda kwa miguu. Miguu ni ile ile. Akimbiaye, kwa upande wake, hupigiwa makofi hata kama amevaa fulana iliyotoboka. Kwa sababu hiyo watu wazima wengi wanaohitaji kutembea hupanda matatu kwa safari ya kilomita mbili, kisha Jumamosi hujilazimisha kukimbia, wakaumia, wakaacha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na miongoni mwa wanawake ilikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila watatu. Hawa hawatapona kwa kuwashangilia wanariadha.

Nisipoyataja yatendekayo shuleni nitakuwa nimewaficha nusu ya habari, tena nusu inayonishtaki mimi. Adhabu ya kiboko ilipopigwa marufuku mwaka 2001, walimu wengi tulitafuta mbadala, na kwa wengi wetu mbadala ulikuwa uwanja. Aliyechelewa, azunguke uwanja. Aliyepiga kelele, azunguke uwanja. Mwaka juzi, nikiwa mwalimu wa zamu, nilimkuta langoni msichana wa kidato cha pili amechelewa dakika kumi. Alikuwa mnene kuliko wenzake. Nilimpa mizunguko minne, naye akaanza kuikimbia wakati ule ule shule nzima ilipokuwa ikitoka gwarideni. Mzunguko wa pili alikuwa anatembea. Nilimpigia kelele akimbie. Wavulana walimhesabia kwa sauti. Tangu siku hiyo hakuonekana tena katika kipindi cha michezo: mara ana barua kutoka nyumbani, mara anaumwa na tumbo, mara ameketi chini ya mti amejifunika sweta katikati ya jua. Nami sikutambua nilichokitenda hadi siku nilipolala kifudifudi katika uwanja ule ule nikikisikia kicheko kile kile.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili. Niachie wanasheria waamue kama mizunguko ya uwanja imo. Kwangu mimi kosa liko wazi zaidi: tukimfundisha mtoto kwamba kuutumia mwili wake ni malipo ya makosa, ataichukia kazi hiyo maisha yake yote, na wa kwanza kuichukia atakuwa ni yule anayeihitaji kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kila siku. Shuleni tuna kipindi cha michezo, na mara ngapi tumekimeza? Mimi nimekiiba kwa ajili ya fasihi, mwenzangu amekiiba kwa ajili ya aljebra, na mitihani inapokaribia hakuna anayeuliza kiko wapi.

Mwanafunzi mwembamba anayependa kukimbia na akimbie, na Mungu ampe pumzi. Hata mimi, baada ya goti kukubali, Jumamosi huchanganya: dakika nne za kutembea, moja ya mbio ndogo, hadi nichoke. Mwenzangu wa hisabati anasema nimeanza kusilimu. Huenda nikafika, ila nitafika baada ya kilo kadhaa nyingine kutoka, si kabla. Alichoshindwa kunijibu, na nilimuuliza mbele ya afisi nzima, ni kwa nini hesabu yake ya ubaoni haikuwa na nafasi ya siku mtu anazoacha.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua yenye maombi mawili. La kwanza, mizunguko ya uwanja iondolewe katika orodha ya adhabu. La pili, wanafunzi wanaokaa karibu waruhusiwe kufika asubuhi kwa makundi, kwa miguu, wakisindikizwa na mwalimu, na kipindi cha michezo kikubali kutembea kwa kukaza kuwa ni zoezi halali kwa asiyeweza mbio. Amenijibu kwamba jambo hilo litazungumzwa katika mkutano wa walimu wa mwanzo wa muhula. Wapo watakaosema tunawadekeza watoto, tena katika kaunti ya mabingwa. Nimejiandaa kuwasikiliza.

Yule msichana sasa yumo kidato cha nne. Tangu muhula uliopita huniona njiani, naye akiwa na wenzake wawili upande wa pili wa barabara. Nasikia nauli ya matatu ilipopanda waliamua kuja kwa miguu. Wiki iliyopita walivuka wakanisalimia. "Shikamoo, mwalimu," akasema, kisha akauliza kama goti langu limepona. Nilimwambia limepona. Nikamwomba radhi, mbele ya wenzake, kwa ile mizunguko minne. Alivitazama viatu vyake kwa muda.

"Ilikuwa mitano, mwalimu," akasema.